Miaka 11 kwenye usukani wa lori, sasa natoka damu chooni: hivi ni kiti ndicho kinaleta bawasiri?

Msukani

Wakuu, salaam. Uzi wenyewe mrefu, tena si wa kusoma mtu akiwa mezani. Nawaomba radhi mapema.

Mimi ni dereva wa semi. Njia yangu ni Dar kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na mara nyingi navuka Nakonde mpaka Kasumbalesa, nashusha Lubumbashi au Kolwezi. Huu mwaka wa 11. Nina miaka 43.

Miezi minne sasa kila nikienda haja kubwa naona damu. Mwanzo ilikuwa kwenye karatasi tu, nikapuuza. Baadaye ikawa inadondoka matone, nyekundu mbichi kama kuku amechinjwa sasa hivi. Maumivu hakuna. Wiki iliyopita nikiwa Makambako kikatokeza kitu laini, ukubwa wa zabibu. Nilipomaliza kikarudi chenyewe ndani. Hapo ndipo usingizi ulipokata.

Madereva wenzangu wote wana jibu moja: kiti. Wanasema joto la injini linapanda kupitia kiti na kuivisha nyama. Mmoja anakalia kipande cha boksi, mwingine kanunua mto wenye tundu katikati. Utingo wangu yeye anasema ni pilipili.

Nieleze ninavyoishi barabarani ili mnaojua mnisaidie. Naamka saa kumi alfajiri, chai ya rangi na chapati mbili, naondoka. Maji nakunywa kidogo kwa makusudi, kwa sababu ukinywa utasimama, na semi huisimamishi popote unapotaka. Haja ikinishika nikiwa kwenye foleni ya mizani naibana mpaka inapotea. Mchana ugali wa sembe na nyama choma. Usiku wali nyama au chipsi. Mboga ya majani ni ile ya kijiko kimoja pembeni ya sahani, na mara nyingi naiacha. Nikifika gesti naingia chooni na simu, natoka baada ya nusu saa, maana choo hakitoki mpaka nikikamue.

Sijaenda hospitali. Sitaficha: naona aibu. Mwanaume mzima kwenda kumwambia mtu una tatizo huko nyuma, atafikiria nini?

Je, ni kiti? Na nikiacha udereva litakwisha?

Kijiwe cha Nne

Duh. Mkuu, mimi nilikuwa nakula mishkaki. Nimeiweka pembeni. Pole sana, nasubiri wataalamu.

Mtoto wa Fundi

Pole mkuu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, amekaa kwenye stuli ya mbao miaka 40, hakuwahi kupata hiyo kitu. Mama alikuwa anauza samaki, anasimama kutwa, akaipata. Kwa hiyo habari ya kiti mimi naitilia shaka.

Tabibu wa Zamu

Mleta uzi, asante kwa kueleza maisha yako kwa undani. Wagonjwa wengi huniambia "nina kinyama" halafu wananyamaza, nabaki kuvuta maneno kama ndoo kisimani. Wewe jibu umeshaliandika mwenyewe, ila umeliweka sehemu ambayo hukuitilia maanani.

Kwanza hilo jina la "kuota kinyama". Hakuna kilichoota. Kila binadamu, hata mtoto mchanga, ana vijimto vya nyama laini vilivyojaa mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, kwa kawaida vitatu. Kazi yake ni kusaidia kufunga mlango vizuri, ndiyo maana upepo na maji havikutoki ovyo. Vijimto hivyo vimeshikiliwa na nyuzi zinazovizuia visiteremke. Bawasiri ni pale vijimto vinapovimba kwa damu iliyokwama na nyuzi zile zinapolegea, mpaka vinaanza kuteleza kwenda nje. Kwa hiyo usiulize nini kimekiotesha. Uliza nini kinavisukuma chini kila siku.

Na jibu la kwanza ni kukamua. Ukibana pumzi ukasukuma, shinikizo la tumboni linapanda, damu inajaa kwenye vijimto na haipati njia ya kurudi. Wakati huohuo choo kigumu kinapita kikivikwaruza. Fanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima, nyuzi zitachoka tu.

Sasa kwa nini choo chako ni kigumu? Rudi kwenye ratiba yako. Chai na chapati zikifika tumboni asubuhi, utumbo mpana huamka wenyewe na kusukuma mzigo. Huo ndio wakati mwili umeupanga, na wewe wakati huo uko kwenye mizani ya Vigwaza unabana. Haja ukiibana haipotei, mkuu. Inarudi kukaa, na utumbo unaendelea kuinyonya maji. Jioni unakuta jiwe. Ongeza kwamba hunywi maji, na sembe imekobolewa, imebaki wanga mtupu. Nyama haina nyuzinyuzi hata chembe. Mtu mzima anatakiwa kupata kama gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa sahani yako ulivyoieleza, sioni zinatoka wapi.

Kiti sasa. Kukaa kwa muda mrefu kunatajwa, lakini ushahidi wake si imara kama ule wa kukamua na choo kigumu. Wapo wanaokaa kutwa bila tatizo. Joto la injini kuivisha nyama ni hadithi ya kijiweni. Ila kuna kiti kimoja nina ugomvi nacho, na si cha lori. Ni cha choo cha gesti. Kiti cha lori kinakushikilia chini. Kiti cha choo kina tundu, vijimto vinaning'inia hewani vikijaa damu nusu saa nzima huku wewe unatazama video. Mwaka 2025 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 125 wenye umri wa miaka 45 na kuendelea waliokuja kupimwa utumbo kwa kamera. Waliokuwa wakitumia simu chooni walikuwa na hatari ya bawasiri iliyozidi kwa asilimia 46. Ni utafiti mdogo na hauthibitishi kwamba simu ndiyo chanzo, lakini unaendana na tunachokiona.

Mengine yanayochangia ni umri, maana nyuzi hulegea na kundi kubwa la wagonjwa wako kati ya miaka 45 na 65, wewe unakaribia, uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu, kunyanyua mizigo kwa kubana pumzi, na kuharisha kusikokwisha. Watu husahau hilo la mwisho.

Pilipili haileti bawasiri. Ikiwa pana kidonda itawasha ikipita, basi.

Ila hospitali uende. Nitaeleza sababu nikitoka zamu.

Kijiwe cha Nne

Yaani simu! Nasoma uzi huu nikiwa wapi unadhani, dokta?

Msukani

Dokta umenigusa. Vigwaza umejuaje? Ndiyo palepale.

Babu Mkongwe

Vijana, sisi tulikua na choo cha shimo. Hakuna mtu aliyekaa nusu saa mle. Unachuchumaa, magoti yanauma, nzi wanakuharakisha, unamaliza unatoka. Bawasiri tuliisikia kwa wazungu.

Tabibu wa Zamu

Babu, shikamoo. Kuchuchumaa kunanyoosha njia na choo kinatoka bila nguvu nyingi, hilo kweli. Lakini bawasiri ilikuwepo enzi hizo pia, ilikuwa inafichwa. Pwani wameiita mgoro tangu zamani, na kitu kisichokuwepo hakipewi jina.

Dere wa Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu Msukani, mimi pia dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba, tena Kampala. Hujataja kitu kimoja na sijui huitumii ama umeogopa kusema: miraa. Huku madereva wengi hatuvuki Mlolongo usiku bila kutafuna. Mimi nilitafuna miaka minane. Siku ya kutafuna hakuna njaa, hakuna kiu, na choo hakuna siku tatu. Siku ya nne, wallahi, ni kama kujifungua. Daktari aliniuliza swali hilo kabla hata hajanipima.

Msukani

Mkuu, huku kwetu ni mirungi na ni kosa la jinai, kwa hiyo sitajibu swali hilo hadharani 😂

Tabibu wa Zamu

Jibu limeeleweka. Majani yale yana tanini nyingi, inakausha na kufunga choo, na pia yanaondoa hamu ya kula na kukufanya ukae saa nyingi. Yemen, ambako watu wanatafuna sana, wachunguzi walikuta bawasiri ni nyingi mno kwa watafunaji kuliko kwa wasiotafuna. Dawa za maumivu zenye kodeini, na tramadoli wanayomeza watu ili wasichoke, nazo zinafunga choo vilevile.

Mama Pacha

Naona wanaume mmejaa humu kana kwamba ugonjwa ni wenu. Mimi nilipata nikiwa na mimba ya pacha, mwezi wa saba. Sikuwahi kukanyaga lori.

Mtoto anakua, anakandamiza mishipa ya nyonga, damu haipandi vizuri. Homoni za ujauzito zinalegeza utumbo, choo kinachelewa. Halafu kliniki wanakupa vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma, choo kinakuwa cheusi na kigumu kama kokoto. Ukija kujifungua unasukuma tena. Mimi ilitokeza kama gololi ya bluu siku ya pili baada ya kujifungua, maumivu yake afadhali uchungu wa uzazi. Sikuweza kukaa kunyonyesha, nilinyonyesha nimelala ubavu.

Mama mkwe akanikalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, akanipikia mlenda na mbaazi kila siku. Baada ya wiki mbili ikanywea. Vidonge vya damu sikuacha na msiache, dada zangu, muulizeni mkunga namna ya kulainisha choo.

Tabibu wa Zamu

Mama Pacha ameeleza bawasiri ya nje iliyoganda damu. Hiyo ndiyo yenye maumivu makali, kwa sababu ngozi ya nje ina mishipa ya fahamu. Ya ndani, kama ya Msukani, haiumi, inatoa damu tu. Ya nje ukiwahi ndani ya siku tatu za mwanzo daktari anaweza kuitoa; baada ya hapo mara nyingi huachwa inywee yenyewe. Na kwa wajawazito wengi hali hutulia baada ya kujifungua.

Mizizi Asilia

Wote mnahangaika bure. Bawasiri inatokana na ngiri na uchafu wa damu, na ndiyo chanzo kikuu cha upungufu wa nguvu za kiume. Ninayo dawa, unapaka siku 7 kinyama kinadondoka chenyewe. Njoo chemba.

Mtoto wa Fundi

Walishafika.

Mzee wa Kitonga

Naomba nimjibu huyu wa mizizi kwa yaliyomkuta jirani yangu. Alipakwa hiyo dawa ya "kudondosha". Kweli kilidondoka, na ngozi ikadondoka nacho. Ilikuwa inaunguza kama tindikali. Kidonda kilipopona kilikaza, njia ikawa nyembamba hata kidole hakipiti. Mtu aliyekwenda na shida ya matone ya damu amemaliza mwaka anatanuliwa njia hospitali. Msukani, usiende chemba.

Tabibu wa Zamu

Nashukuru Mzee wa Kitonga. Na hiyo ya nguvu za kiume iachwe: bawasiri na nguvu za kiume ni mishipa tofauti. Mtu mwenye maumivu, hofu na upungufu wa damu hamu itashuka, kama ingeshuka kwa jino bovu. Wanaziunganisha kwa sababu aibu mbili zikiwekwa kwenye chupa moja zinauzika kwa bei ya juu. Ngiri ni kitu kingine kabisa.

Na ile aibu ya Msukani niiseme waziwazi, kwa kuwa wanaume wengi wanaibeba kimyakimya. Wanaogopa kudhaniwa wameingiliwa kinyume cha maumbile. Ndugu zangu, kwenye meza yetu wanapita mashehe, wachungaji, askari na mabibi wa miaka 70. Tunachowaza ni foleni iliyobaki nje.

Binti Sengerema

Dokta, swali kutoka Kanda ya Ziwa. Huku mtu akitoa damu chooni wengine wanasema bawasiri, wengine wanasema kichocho. Kipi ni kipi?

Tabibu wa Zamu

Swali zuri sana, na ndiyo sababu niliyosema nitarudi. Damu chooni ni dalili, bawasiri ni moja tu ya majibu. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana sana kando ya Ziwa, kinaweza kuleta damu kwenye choo, mara nyingi pamoja na kuharisha na tumbo kuuma. Kikikaa miaka kinaharibu mishipa ya ini, mgonjwa anapata mishipa iliyovimba hata huko chini, ambayo si bawasiri ingawa kwa macho inafanana. Mtu wa namna hiyo akifungwa mishipa hiyo kwa mipira au kukatwa kwa kudhani ni bawasiri, anaweza kumwaga damu nyingi. Amiba nayo inatoa damu yenye makamasi. Mpasuko, yaani ngozi ya mlango wa haja kubwa kuchanika, unauma kama wembe wakati wa kupata choo. Nasuri, yaani kijitundu kinachojichimba kando ya njia hiyo, inatoa usaha. Na ipo saratani ya utumbo mpana.

Bawasiri ya kawaida damu yake ni nyekundu mbichi, iko juu ya choo au inadondoka mwishoni. Ukiona damu nyeusi, imechanganyika na choo, umepungua uzito, choo kimebadilika kikawa chembamba au mara kufunga mara kuharisha, hata kama una bawasiri ya miaka kumi, rudi upimwe.

Mtoto wa Fundi

Niliandika juu kwamba mama yangu aliipata. Nimalizie hadithi. Aliambiwa bawasiri, na kweli alikuwa nayo, tuliiona. Miaka mitatu akawa anapaka dawa za kununua dukani. Alipoanza kukonda tukasema ni uzee. Tulipompeleka kwenye kipimo cha kamera walikuta uvimbe juu zaidi, umeshasambaa. Bawasiri ilikuwepo na saratani ilikuwepo. Moja ilikaa mlangoni ikatuzuia kuuliza habari za mwenzake.

Tulimzika 2019.

Mama Pacha

Pole sana, mdogo wangu. Mungu ampumzishe.

Msukani

Nimeusoma huu mara tatu. Jumatatu nashusha mzigo, Jumanne naenda.

Kijiwe cha Nne

Tunakushikilia hapohapo. Jumanne usilete habari za foleni ya Tunduma.

Msukani

Wakuu, nimerudi, wiki tano zimepita. Niliahidi mrejesho.

Nilikwenda. Daktari alikuwa dada, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nilitaka kugeuza, akaniambia "kaka, lala ubavu wa kushoto, kunja magoti", kama mtu anayeagiza chai. Kipimo cha kidole, halafu kifaa kifupi kama bomba lenye taa. Dakika tano nzima hazikufika. Nilikuwa nimeziogopa miezi minne.

Alisema ni bawasiri ya ndani, daraja la pili, yaani inatokeza ukikamua na kurudi yenyewe. La kwanza haitokezi, la tatu unairudisha kwa mkono, la nne hairudi tena. Akapima damu, ikasoma 9.8. Yaani matone yale ya "si kitu" yalikuwa yananimaliza, ndiyo maana nilikuwa nahema nikipanda kwenye kichwa cha gari. Kwa umri wangu na hiyo damu pungufu hakutaka kukisia, akanipeleka kwenye kamera. Huko kubaya zaidi ni ile dawa ya kusafisha tumbo unayokunywa usiku wa jana yake. Utumbo ulikuwa safi. Nilikaa kwenye benchi nje nikalia kidogo, sioni haya kuandika.

Vijimto viwili wamevifunga mipira midogo. Hakuna ganzi, unasikia tu kama unataka kwenda haja. Baada ya wiki kimoja kilidondoka na damu kidogo, walikuwa wameshanionya.

Sasa maisha ya barabarani. Nimemwambia bosi kwamba asubuhi nasimama baada ya chai, dakika 15, hata kama mbele hakuna foleni. Alinung'unika, nikamwonyesha karatasi ya damu. Chupa ya lita moja na nusu iko mlangoni na inaisha kabla ya Iringa. Kwa mama ntilie naomba dona ikiwepo, maharage kila siku, mboga sahani yake peke yake. Nanunua mapera na parachichi njiani. Wiki ya kwanza niliongeza vyote kwa pamoja, tumbo likajaa gesi kama tairi, utingo akashusha vioo vyote vya gari tukiwa Kitonga kwenye baridi. Nendeni polepole.

Dere wa Pwani

Alhamdulillah. Na yale majani?

Msukani

Hadharani sijibu. Ila nalala usiku siku hizi.

Tabibu wa Zamu

Safi sana mkuu. Vidonge vya kuongeza damu walikupa? Kumbuka alichosema Mama Pacha, choo kitakuwa cheusi na kinaweza kukaza. Maji yasipungue.

Kijiwe cha Nne

Na simu je? Usituruke hapo.

Msukani

Simu namwachia utingo nikiingia chooni. Dakika tano, natoka. Tatizo juzi mke wangu alipiga, utingo akapokea, akamwambia "bosi yuko chooni ila usijali mama, siku hizi hakai".